Hodi ya Demetria

Mmekuja mara tatu kuyaomba maneno haya, na mara mbili za kwanza niliwafukuza. Kijitabu cha jumuiya kinaandika maisha ya watu wa hapa Kiwalani, mmoja mmoja: mshona viatu wa kona, mama wa chapati, yule mzee wa vinyago aliyetoka Masasi. Vizuri. Lakini jina la Demetria lilipotajwa, mmoja alikohoa, mwingine akasema tusubiri mambo yapoe, likafutwa. Sasa kurasa mbili zimebaki tupu ndiyo mnamkumbuka, tena mnanitaka mie, niliyeishia darasa la nne, niandike mambo ya kompyuta. Haya. Naandika kwa mkono wangu, na huyo binti anayechapa arekebishe herufi tu, maneno ayaache yalivyo. Mlisema mnataka habari za kujenga. Hii haijengi.

Demetria ni mtoto wa marehemu Fredrick, dereva wa malori ya saruji, mtu wa Songea. Alizaliwa hapahapa, nyumba ya bati jekundu nyuma ya mashine ya kusaga, na mama yake, Anna, alimlea kwa sheria chache lakini ngumu. Ya kwanza ilikuwa hodi. Unapiga hodi mara tatu. Usipojibiwa unarudi ulikotoka, hata kama mlango uko wazi na kitu ulichotumwa unakiona kwa macho yako. Akiwa na miaka tisa alitumwa kwa jirani kufuata mfuniko wa sufuria. Mlango wazi, mfuniko uko juu ya meza, mtu hayupo. Akapiga hodi zake tatu, akarudi mikono mitupu, na wali ukaungua chini ukabaki mbichi juu. Anna hakumgusa. Aliula wali ule mbele yake, kijiko kwa kijiko, akamwambia umefanya sawa.

Mtoto wa namna hiyo ndiye aliyekuja kusomea kazi ya kuingia kwa watu.

Kazi yenyewe, kwa jinsi alivyoieleza huku akichambua mchicha, ni hivi. Kila chuo, kila hospitali, kila duka kubwa siku hizi lina tovuti, na tovuti hiyo inakaa kwenye kompyuta moja mahali fulani, inaitwa seva. Seva nyingi zinaonyesha tu, kama kabati la vioo: unatazama, hugusi. Ila ziko zinazopokea. Anayeomba nafasi ya chuo anapiga picha cheti chake, anakituma, kinaingia ndani. Hapo ndipo Demetria anapotakiwa. Anakwenda kuangalia kama lile dirisha la kupokelea linapokea vyeti tu kutoka kwa waombaji, au linapokea chochote kutoka kwa yeyote. Maana mtu akiweza kuweka kitu ndani ya seva ya chuo bila kuulizwa yeye nani, basi anaweza kuweka tangazo lake, na dunia nzima italisoma kama limetoka chuoni. Anaweza kuweka hata programu ya kuchota kila kilichomo.

Kwa hiyo mkaguzi anatembea hatua zilezile za mwizi, ila anasimama kabla ya kuchukua. Na kwa kuwa nyayo ni zilezile, kinachomtenganisha na mwizi ni ruhusa. Walimu wake waliwaimbia hilo: ruhusa iandikwe, isainiwe, iwe na tarehe, itaje ni mtambo gani na mpaka wapi. Demetria alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Alikuwa na fomu yake mwenyewe, ya ukurasa mmoja, kaiandika vizuri na kuichapa kwa Tunu mwenye steshenari.

Mwaka jana mwezi wa tatu kampuni moja ya mjini, inayokagua mitambo ya watu, ilimwita kwenye usaili. Akafaulu. Kikabaki kitu kimoja: alete barua kutoka kwa mtu aliyewahi kumfanyia kazi hiyo, barua yenye mhuri, kabla mwezi wa nne haujaisha. Hakuwa nayo. Mitambo aliyoikagua ilikuwa ya mazoezi, ya darasani. Yaani alikuwa amebakiza barua moja tu kuingia kwenye kazi aliyoisomea miaka mitatu, na barua hiyo hakuna wa kuiandika.

Ndipo akatokea Mzee Polikarpo. Hana haja ya kuelezwa kwenye kijitabu hiki, lakini kwa msomaji mgeni: ni mwenyekiti wetu wa jumuiya, na ni mkuu wa utawala kwenye chuo kimoja cha afya huko Bunju. Gari la chuo linamfuata alfajiri na kumrudisha jioni. Akipita watu wanasimama.

Jumamosi ile jumuiya ilisali kwangu. Baada ya sala kukawa na chai na mihogo ya kuchemsha. Anna, bila kuombwa, akaleta shida ya mwanawe mbele ya watu, kama tunavyoleta nyingine zote. Mzee Polikarpo akaweka kikombe chini, akasimama.

"Huyu binti ni wetu," alisema. "Chuo chetu kina mitambo, yeye ana ujuzi, kwa nini nitafute mtu wa mbali? Demetria mwanangu, karibu. Ingia popote, kagua kila kitu, pale ni kwenu. Ukimaliza, barua nitakuandikia mimi mwenyewe, na mhuri nitaugonga kwa mkono huu."

Watu wakapiga makofi. Anna alifuta macho kwa ncha ya kanga.

Fomu ilikuwa ndani ya mkoba wa Demetria. Alitia mkono, akaigusa kwa vidole, ule ukingo wa karatasi. Palikuwa na mstari mtupu unaongoja sahihi, na mwenye kusaini yuko hatua mbili mbele yake, na kalamu iko mfuko wa shati lake. Kisha akatazama nyuso. Mzee ameshasema karibu mbele ya watu. Kumpelekea karatasi sasa, kumwambia saini hapa baba, ni sawa na kumwambia neno lako halinitoshi. Mama yake alikuwa anamtazama. Akautoa mkono mtupu.

"Asante sana, mzee," alisema, akapiga goti kidogo.

Kosa lake lote ni hilo. Nimemuuliza mara ngapi kama kuna jingine, naye kalitafuta, hajaliona. Na kosa hilo hakujifunza chuoni. Sie ndio tuliomfundisha.

Jumatatu asubuhi alikaa kwenye chumba chake, kaegesha kompyuta juu ya cherehani ya mama yake, akaanza. Kwanza aliiuliza seva ya chuo inatii amri zipi. Kumbe unaweza kuiuliza tu, nayo inajibu. Ikamtajia: nasoma, naonyesha, na nyingine, na katikati yake amri ya kuweka. Haikumuuliza jina wala neno la siri. Akalisoma jibu lile mara mbili, maana amri hiyo haitakiwi kuachwa wazi kwa mpita njia.

Lakini seva kusema inaweza si ushahidi. Lazima ujaribu, na kujaribu kwenyewe kuna adabu yake. Huweki kitu chenye madhara. Unaweka faili dogo la maandishi, mstari mmoja, kisha unaenda kulitazama kama kweli limeingia, kisha unalitoa, na kuacha kila kitu ulivyokikuta. Wenzake huwa wanaandika neno "jaribio" na basi. Demetria aliweka vidole kwenye vibonyezo akashindwa. Kuingia kwa watu na kuacha neno lisilo na mwenyewe kulimwia vigumu. Akaandika hivi: "Hodi. Dirisha hili liko wazi, yeyote anaweza kuweka kitu. Mimi ni Demetria Fredrick, mkaguzi." Akamalizia na namba yake ya simu. Faili akaliita hodi.

Likapokelewa. Akachukua simu, akafungua anwani ya chuo, na hodi yake ikamtazama kutoka kule ndani, nyeusi kwenye nyeupe. Alicheka. Baadaye aliniambia alicheka kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kazi yake kuwa ya kweli.

Akaja kulitoa. Seva ikakataa. Amri ya kuweka inaitii, ya kufuta haitii. Alijaribu mara ya pili na ya tatu, kisha akaacha. Zilikuwapo njia za kulazimisha, anazijua, lakini kulazimisha hakukuwamo kwenye ile karibu. Hivyo alielewa.

Akampigia Augustine, fundi wa mitambo wa chuo.

"Kaka Augustine, habari za kazi. Kuna faili langu limebaki kwenye seva yenu, linaitwa hodi. Naomba ulifute, na lile dirisha la kuweka mafaili ulifunge, liko wazi kwa kila mtu."

"Nani kakutuma kuingia kwangu, sista?"

"Mzee Polikarpo."

Augustine akacheka. "Mzee yule hata printa hajui kuiwasha. Haya, nimekusikia. Nitaangalia."

Hakuangalia. Sijui alisahau, au lilimuuma kuambiwa na binti wa Kiwalani kwamba mlango anaoulinda yeye hauna komeo. Demetria, kwa upande wake, aliandika ripoti kurasa sita: alichokiuliza, alichojibiwa, alichokiweka, kilichokataa kutoka, na jinsi ya kupafunga. Akaitia kwenye bahasha ya kaki na kuipeleka mwenyewe nyumbani kwa mzee. Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akasema umefanya kazi kubwa, barua wiki ijayo. Bahasha akaiweka juu ya friji.

Wiki ikapita. Demetria akaenda, shikamoo, marahaba mwanangu, akapewa soda, akaondoka. Wiki ya pili akaenda tena, akapewa soda. Kumdai mzee kitu alichoahidi mwenyewe ni kazi kuliko kuvunja seva. Siku moja mie nilipita pale kwa mambo ya kwaya, nikaiona ile bahasha, iko palepale juu ya friji, na juu yake wameweka bakuli la ndimu. Haijachanwa. Nilinyamaza. Nami naliandika hili ili lisomwe.

Jumatatu ya wiki ya tatu, geti la chuo kule Bunju lilikutwa limejaa watu. Wamebeba matranka, ndoo mpya, magodoro yaliyofungwa kamba. Walikuwa wameshuka kituo cha Mbezi Luis usiku na alfajiri kutoka mikoani, wakapanda magari mengine hadi Bunju, watoto mia na zaidi na wazazi wao. Kila mmoja kaona jina lake kwenye orodha ya waliochaguliwa. Chuo hakikuwa kimechagua mtu yeyote. Wanafunzi walikuwa bado wanaomba. Baba mmoja wa Tunduru, siku mbili njiani na binti yake, alikaa juu ya tranka, akawa anamwonyesha simu kila aliyetoka getini. Hii si ndiyo anwani yenu? Hii si ndiyo nembo yenu? Ilikuwa anwani yao. Mtu kawawekea orodha ya uongo ndani ya seva yao, kupitia dirisha lilelile. Kwa nini, na ni nani, mpaka leo haijulikani.

Wakubwa wakamwamuru Augustine afungue aone kilichomo. Akaikuta orodha, haina jina la aliyeiweka. Pembeni yake akalikuta faili dogo la mstari mmoja, lenye jina kamili na namba ya simu.

Polisi wakapiga namba ileile aliyowaandikia. Demetria alikuwa anaanua nguo. Aliposikia sauti ya kiume inasema inapiga kutoka chuoni Bunju, na anatakiwa afike leo, akamkumbatia mama yake. Alidhani barua imekuwa tayari. Alivaa gauni lake la usaili.

Chumba cha mikutano kilikuwa na mkuu wa chuo, Augustine, askari mpelelezi na Mzee Polikarpo. Kompyuta yake waliichukua kabla hajaketi. Alieleza yote, kwa mpangilio, bila kulia, kama alivyofundishwa kueleza. Alisema orodha si yake, lililo lake ni lile lenye jina lake, na mtu anayekuja kudhuru haachi namba ya simu. Mpelelezi akasema wapo wanaoacha, kwa majivuno. Kisha akauliza nani alimruhusu. Demetria akamtazama mzee. Wote wakamtazama mzee.

Mzee Polikarpo alivua miwani, akaifuta.

"Nilimkaribisha, sikatai," alisema. "Ni mtoto wa jirani. Nilimkaribisha chai."

"Mzee, ulisema niingie popote. Mbele ya watu."

"Mwanangu, mgeni akiambiwa ingia popote, pale ni kwenu, anafungua kabati la chumbani?"

Augustine alikuwa anatazama kucha zake. Simu ile alikiri ilipigwa, lakini akasema alidhani ni hawa vijana wa mtandaoni wanaotafuta kazi. Na ile ripoti? Mzee akasema ndiyo, alipokea bahasha, ila alidhani ni kadi ya mchango wa harusi, na nani anafungua hizo upesi. Hapo mkuu wa chuo alitabasamu kidogo, na Demetria ananiambia tabasamu lile ndilo analoliona anapofumba macho. Askari hamkumbuki sana. Akauliza karatasi ya ruhusa iko wapi. Alikuwa nayo, kwenye mkoba, ileile. Mstari mtupu chini.

Hawakumpeleka mahakamani. Angalau huko angesikilizwa akashinda au akashindwa. Waliandika kwamba upelelezi unaendelea, na umeendelea mpaka leo. Kompyuta yake iko kituo cha polisi, inaitwa kielelezo. Kampuni ya mjini ilimletea mistari miwili ya kumtakia kila la heri. Na mtaani, nyie mnaosoma hapa, mlianza kuvuta watoto pembeni anapopita. Yule aliyeingilia chuo. Jirani yangu Loveness alinong'ona kisimani kwamba siku hizi mtu asimpe Demetria simu yake hata ashike tochi. Wakacheka. Mtu akishahukumiwa anamaliza kifungo chake akatoka, lakini huyu hakuhukumiwa, kwa hiyo hana siku ya kutoka.

Sasa yuko kwa Tunu kwenye steshenari, anatoa kopi na kuchapa barua za watu za kuomba kazi. Anawachapia wengine barua kutwa nzima.

Mwezi uliopita aliingia mama mmoja na bahasha ya vyeti vya bintiye. Anataka kumwombea nafasi chuo kile cha Bunju. Demetria akavipiga picha kimoja kimoja, akafungua ile tovuti. Dirisha lile, rangi ileile, kitufe kilekile. Kama wamelifunga kwa ndani au bado liko wazi hakujua. Kujua kunataka kujaribu, na kujaribu kunataka ruhusa, na safari hii hakuna aliyesema karibu. Alikaa ameshika kipanya, akitaka kuvituma vyeti vya mtoto wa watu mahali ambapo alishasema pako wazi, asisikilizwe.

"Ni salama hii, mwanangu?" yule mama aliuliza.

Demetria angeweza kusema ndiyo. Kila mwenye steshenari anasema ndiyo.

"Sijui, mama. Waulize wenyewe, wakujibu kwa maandishi."

Yule mama akavikusanya vyeti vyake, akahamia steshenari ya mbele. Tunu akasema dada, utanimalizia wateja. Hakusema kwa ubaya. Ana kodi ya fremu ya duka.

Jambo moja nimalizie. Siku hizi Demetria hapigi hodi. Akija kwangu anasimama mlangoni, kimya, mpaka nigeuke nimwone. Mara ya kwanza nilishtuka nikamfokea. Akaniambia bibi, nisamehe, neno halitoki. Mtoto aliyeacha wali uungue kwa ajili ya hodi.

Haya, mmepata kurasa zenu. Sasa ni zamu yenu.

Jumamosi ile kwangu vilitoka vikombe kumi na moja. Navijua kwa sababu vyangu ni kumi, cha kumi na moja niliazima kwa Loveness, na yeye ndiye aliyekinywea. Toa mzee, toa Demetria, toa mama yake, nitoe mie. Mnabaki saba. Saba mlioisikia karibu ile kwa masikio yenu, mkaipigia makofi, na hakuna aliyeifuata Bunju wala kituoni kwenda kusema nilikuwapo. Kila mmoja wenu anajijua, na kila mmoja anakisoma kijitabu hiki kutafuta jina lake.

Nimemwambia Tunu achape karatasi. Inasema maneno aliyoyasema Mzee Polikarpo siku ile, yalivyokuwa, bila kuongeza. Juu kuna jina langu, nimeliandika mwenyewe, limepinda lakini linasomeka. La Anna liko chini yake. Kisha kuna mistari saba mitupu. Ikijaa naipeleka kituoni kwa miguu yangu hii, na nakala kwa kampuni ya mjini.

Jumamosi hii asubuhi niko nyumbani. Njoo na kitambulisho na kalamu yako, yangu inavuja. Usinitumie mtu, usinipigie simu kunieleza una udhuru. Ukifika piga hodi, nitakukaribisha, ila usitegemee kikombe. Karibu yangu mie si ya chai.